TAHADHARI kwa mlioko Pune: jamaa wa pikipiki za kukodi anaeuza "ruhusa ya mapango ya Wabudha", msije mkalizwa kama mimi

Wakuu habari za saa hizi. Sikutaka kuandika hii kitu maana ni aibu, mtu mzima umekaa India mwaka wa tatu unajiona mjanja halafu unaingizwa mjini kama umeshuka uwanja wa ndege jana, ila nimeona juzi dogo mmoja wa mwaka wa kwanza anauliza kwenye grupu letu kuhusu jamaa huyu huyu na picha ni ile ile, nikasema hapana, bora nichekwe.

Kwa wasiojua, huku Maharashtra, jimbo ambalo Pune ipo, kuna mapango ya kuchongwa ya Wabudha mengi mno. Watu wote wanajua Ajanta na Ellora kwa sababu ndo yako kwenye matangazo, lakini hapa hapa karibu na Pune kuna Bhaja, Karla, Bedse, na ukienda kaskazini kule Junnar kuna mapango zaidi ya mia mbili yametapakaa kwenye vilima kuzunguka mji mmoja mdogo. Yana miaka kama elfu mbili hivi. Watawa walikua wanakaa humo hasa kipindi cha mvua ambapo hawatakiwi kutembea, na wafanyabiashara waliokua wanapita kwenda bandari za pwani kama Kalyan na Sopara ndo walikua wanachangia gharama. Mimi haya mambo nayapenda, na mwenzangu wa Dodoma tunaesoma nae anapenda pikipiki, sa tukakutana hapo.

Jamaa tulimpata kupitia WhatsApp. Anajiingiza kwenye magrupu ya wanafunzi wa kigeni, Waafrika hasa, anajua mpaka "mambo vipi". Anatuma picha ya nguzo kubwa zina watu wamepanda farasi na tembo huko juu, anasema hili pango halijulikani, liko msituni, serikali hairuhusu mgeni kuingia bila kibali maalum, ila yeye ana mtu wake idara ya mambo ya kale. Kifurushi chake, hela zote ni rupia: pikipiki ya Bullet siku tatu 3600, "kibali" cha mapango 1500 kwa kila mtu, dipoziti 8000, na pasipoti moja orijino inabaki kwake mpaka urudishe chombo. Tukabisha kidogo kuhusu pasipoti, akasema bhai (yani ndugu) hii ni sheria, wote wanafanya hivi, ukitaka nenda kwingine utalipa dabo. Basi nikatoa yangu. Yani nikaiweka bondi kama simu ya mkopo.

Sasa sikilizeni hii ya pleti namba maana ndo ilituponza na naamini itawaponza Watanzania wengi. Bongo pikipiki ya biashara ina pleti nyeupe, ya binafsi ya njano, si ndio? Sisi tulivyoona Bullet ina pleti nyeupe maandishi meusi tukasema hapa safi, chombo kimesajiliwa kibiashara kabisa. Kumbe India nyeupe ndo ya mtu binafsi! Chombo cha kukodi ukaendesha mwenyewe kinatakiwa kiwe na pleti NYEUSI maandishi ya njano. Ya njano maandishi meusi ni teksi na malori. Kwa hiyo chombo cheupe ukikikodi ni cha magendo, na bima hata kama ipo ikitokea ajali wanaweza wakakuruka maana ni bima ya mtu binafsi asiefanya biashara. Sisi tunapiga nacho selfi.

Siku ya kwanza tukaondoka alfajiri kuelekea Kamshet. Jamaa alitutumia ramani inapita Expressway ya Mumbai–Pune, na pikipiki HAZIRUHUSIWI kwenye ile barabara, kwa bahati mlinzi wa pale kwenye lango akatupigia filimbi tukageuza tukashika barabara kuu ya zamani. Hapo ningetakiwa nishtuke, mtu anakodisha pikipiki Pune hajui pikipiki inapita wapi? Nikasema labda kapitiwa.

Bedse ndo lile pango la kwenye picha. Msitu hakuna bwana. Ni kijiji, mashamba ya mpunga, halafu ngazi kama mia nne za saruji zinapanda kilimani. Juu kuna kinjia chembamba kati ya miamba miwili mikubwa waliyoiacha bila kuchonga ndo maana kutoka chini huoni kitu, ukipenya tu unakutana na zile nguzo ana kwa ana, ndefu, juu kabisa wanaume na wanawake wamekaa juu ya farasi, tembo, ng'ombe, na ndani ukumbi wa ibada na stupa yake, lile kuba la jiwe la Wabudha. Nilikaa pale kama saa nzima sisemi kitu. Halafu akaja mzee mlinzi, tukamuonyesha vile vibali vyetu vina mhuri na nembo na kila kitu, akavigeuza geuza akacheka, akatuambia kwa Kihindi cha taratibu kwamba hapa hakuna tiketi, hapajawahi kuwa na kibali, panda shuka bure. Elfu tatu zetu hizo.

Tukajipa moyo kwamba labda kibali ni cha Karla na Bhaja. Karla kuna dirisha la tiketi, mgeni 300, Mhindi 25, bei imebandikwa pale pale, na yule dada wa dirishani hata hakukisoma kibali alikirudisha kama unavyorudisha noti ya bandia. Tukalipa. Nisiseme uongo, Karla inastahili, ule ni ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote za ibada za kuchongwa kwenye mwamba India nzima, na mbavu za mbao za mtiki darini ni zile zile za kale, hazijabadilishwa. Mlangoni pana hekalu la Ekvira ambalo Wakoli, wale wavuvi wa Mumbai, wanakuja kwa mabasi, kuku, ngoma, nazi, kelele mtindo mmoja. Ila kilichonichoma ni nguzo. Nguzo nyingi zina maandishi ya nani alichangia, mfanyabiashara fulani, Wagiriki, mpaka fundi seremala katajwa. Watu walichangia miaka elfu mbili iliyopita mpaka leo risiti iko kwenye jiwe, mimi nimetoa elfu nane asubuhi hata kikaratasi sina.

Bhaja tulipita jioni harakaharaka, stupa kumi na nne zimepangana kama mitungi, nzuri, tukarudi.

Siku ya pili Junnar, kilomita tisini na kitu. Unapita Chakan kwenye kiwanda cha Bajaj, mwenzangu akataka kusimama apige picha kwa heshima ya bodaboda wote wa Dodoma, tukapiga. Cheni ilishaanza kulia toka asubuhi, breki ya nyuma unaikanyaga inakujibu kesho. Kufika karibu na Narayangaon trafiki hawa hapa. Afande kaangalia pleti, katuangalia sisi, kauliza tu swali moja: chombo cha nani? Tukasema tumekodi. Basi mwenzangu anaendesha na leseni yake ya kimataifa iko sawa, helmeti zote mbili zipo, lakini afande akaingiza ile namba kwenye simu yake, bima imekufa toka mwaka jana na cheti cha moshi hakuna. Kukosa bima peke yake faini 2000. Tukampigia jamaa, simu inaita, inaita, mwisho ikazimwa. Faini tukalipa sisi, tukapewa risiti, na nashukuru Mungu hawakukizuia chombo maana tungelala kwenye miwa, na Junnar ile miwa ina chui, sio hadithi, eneo lile linajulikana kwa chui.

Na bado. Jioni tumechoka tunatafuta gesti, kila gesti inataka pasipoti yangu, tena orijino, kwa sababu mgeni akilala lazima waingize taarifa zake kwenye fomu ya serikali, wasipofanya hivyo wanapata kesi wao. Kopi hawataki. Pasipoti iko Pune kwenye droo ya tapeli. Gesti tatu zimetukataa. Mwenzangu angeweza kulala peke yake lakini akagoma kuniacha, tukarudi usiku ule ule kilomita tisini na breki ile na taa inayowaka ikitaka. Sitasahau. Kwa hiyo Tulja, lile pango la duara lina nguzo kumi na mbili, sijaliona, na Naneghat sijaiona, na ndo nilikua naitaka kuliko zote kwa ajili ya jina tu (sio nane ya hesabu, kwa Kimarathi, lugha ya huku, ni sarafu, ni njia ya mlimani, na pana pipa kubwa la jiwe wanasema ndo walikua wanatupia ushuru wa njia). Lenyadri tu ndo tuliwahi, ngazi kama mia tatu na dirisha la tiketi pia, vibali vyetu nako huko havikufua dafu.

Kurudisha chombo sasa. Jamaa yuko na vijana wawili, kainama na tochi anatafuta mikwaruzo. Mkwaruzo wa tangi, 4000. Saidi mira, 1500. "Injini imepigwa", 16000. Ile mira ilikua na ufa toka siku tunaichukua, na mjinga mimi picha nilizonazo zote ni za nguzo za Bedse, ya mira sina hata moja! Anasema lipa ndo upewe pasipoti. Nikatetemeka kwanza. Mwenzangu ndo alikua na akili, akasema sawa tunaenda kuleta hela, tukaenda chuoni moja kwa moja kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Yule mama wa ofisi akampigia jamaa simu kwa Kimarathi, dakika mbili tu, nilichoelewa ni neno "police" na neno "passport" basi. Tuliporudi pasipoti ilikua mezani. Tena kwa tabasamu, bhai bhai, hakuna shida.

Dipoziti akasema atanirushia usiku. Usiku kanitumia QR kodi, ananiambia skani hii kisha weka PIN upokee 8000 yako. Wakuu, hii ni "ile hela tuma kwenye namba hii" ya kule kwetu, imevaa nguo nyingine tu. KUPOKEA HELA HAKUHITAJI PIN. Ukiweka PIN unalipa wewe. Nilikua nimeshaskani, nikaona imeandikwa "pay" ndo nikastuka nikafunga. Elfu nane yenyewe mpaka leo sijaiona, nimeripoti namba 1930 ambayo ndo ya wizi wa mtandaoni na pia kwenye tovuti yao, nimepewa namba ya malalamiko, basi nasubiri.

Sasa kama unataka kwenda, na nenda kabisa usiogope mapango kwa sababu ya tapeli mmoja: chombo kiwe na pleti nyeusi, kabla hujatoa hata mia ingiza namba yake kwenye programu ya mParivahan itakuonyesha bima inaisha lini na ni chombo cha aina gani, ni bure. Zungusha video chombo kizima huku mwenyewe anasikika anaongea. Pasipoti usiache, acha kopi, ongeza dipoziti kama hataki ila pasipoti hapana, ile ni mali ya serikali iliyoitoa na ikipotea ni ripoti ya polisi na safari ya ubalozini New Delhi. Hakuna kibali cha mapango cha kununua mtaani, penye malipo utakuta dirisha na bei ukutani. Na kama huna uhakika na chombo panda treni ya Pune–Lonavala, inasimama Kamshet na Malavli, nauli ni chenji tu, Malavli unatembea kwa miguu mpaka Bhaja.

Jamaa jina anabadilisha, namba anabadilisha, kwangu alikua na jina moja na kwa yule dogo ana lingine. Kisichobadilika ni ile picha ya nguzo, angalieni pembeni kushoto kuna mwavuli wa bluu umeegeshwa ukutani, na Bullet nyekundu yenye mira ya kulia ina ufa. Mkiiona imetumwa kwenye grupu lolote niitag hapo hapo, video ya simu ya mwisho ninayo.