Darubini haikuwa na kosa: tripodi ninayoitumia sasa Tanga

Kwa misimu miwili nimeilaumu darubini yangu bure. Ni darubini ya kutazamia ndege, inakuza mara 20 hadi 60, na niliinunua kwa kujinyima kweli. Nyumbani Raskazone nikiiegemeza dirishani, naziona mpaka kamba za mashua zilizotia nanga. Lakini nikishuka nayo Mwambani maji yamekupwa, nikaifunga kwenye tripodi, yaani stendi yake ya miguu mitatu, na kuikuza kupita 40, ndege wote wanakuwa ukungu unaochezacheza. Nikajua kioo kimeingia unyevu. Nikaipeleka kwa fundi Dar es Salaam, akaifungua, akaifunga, akachukua elfu arobaini yake na kuniambia haina ugonjwa. Nikaanza kutafuta wa kumuuzia.

Ilikuwa Septemba, kusi bado linavuma. Tripodi ilipepesuka, nikaiwahi darubini kabla haijaanguka, nikailaza juu ya kipolo cha mchanga ndani ya ngalawa iliyopandishwa ufukweni. Nikachungulia kwa mazoea tu. Picha ikatulia tuli. Kule ukingoni mwa matope alikuwapo yule ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama wa koleo. Kwenye vitabu anaitwa Dromas ardeola. Alikuwa amemshika kaa anamng'oa miguu, mmoja baada ya mwingine, na tone la maji lilikuwa linaning'inia kwenye ncha ya mdomo wake. Ndege huyu anatujia kutoka fukwe za Uarabuni na pembe ya Afrika, ambako hutaga yai moja ndani ya shimo la mchangani. Misimu miwili nimemhesabu kama doa jeupe. Hapo ndipo nilipojua kuwa kilichonitesa muda wote ni miguu ya tripodi.

Tripodi ile niliinunua Kariakoo kwa 65,000. Kila mguu una vipande vitano vinavyoingiana, na kile cha mwisho ni chembamba kama penseli. Nguzo ya kati nayo inapanda juu, ndiyo inayokufikisha usawa wa jicho. Kwenye boksi wameandika inabeba kilo 8. Msidanganyike na namba hiyo, ndugu zangu. Hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote, kila mmoja anapima anavyojua. Kubeba na kutulia ni mambo mawili: kigoda chochote kinaweza kukubeba, na bado kikayumba.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua darubini ya urefu wa sentimita 30, uishike kwa nyuma. Pua ikisogea milimita 1 tu, kule umbali wa mita 300 jicho lako limehama mita 1 nzima. Ndege ameshatoka.

Aliyenifungua macho zaidi ni rafiki yangu wa Muheza ambaye kwa miaka mingi amefuatana na wageni wa kuwinda. Yeye tripodi anaijua kwa upande wa bunduki. Wageni wanaolenga mbali sana huifunga bunduki juu ya tripodi nzito, na mwenzao anayetazama shabaha kwa darubini ana tripodi yake pembeni. Nilimpelekea ile yangu. Hakuitazama hata darubini. Alishika kichwa cha tripodi, pale darubini inapofungwa, kwa vidole viwili, akakisokota kulia na kushoto kama anayefungua chupa. Miguu ikajisokota pamoja nacho. Akasema, "Kaka, hii ni fimbo." Akanieleza kuwa tripodi nyingi za walengaji hazina nguzo ya kati kabisa, miguu mitatu inakutana juu na kichwa kinakaa hapohapo. Ukiipandisha nguzo, umeshaiacha miguu mitatu na kumpa mguu mmoja kazi yote.

Tangu siku ile, kipimo changu dukani ni hicho cha kusokota. Nafungua vitasa vyote vinavyokaza vipande vya miguu, nairefusha miguu mpaka mwisho, nguzo ya kati naiacha chini, kisha nasokota. Baada ya hapo naikandamiza kwa kiganja nione kama kuna kitasa kinachoteleza. Ukiwa na darubini yako, ifunge, ikuze mpaka 60, ugonge mguu mmoja kwa kidole huku unachungulia, uone picha inachukua muda gani kutulia. Ile ya zamani ilikuwa ikinichukua sekunde nne au tano. Pwani upepo haukupi nafasi hiyo.

Nilichonunua mwishowe ni Manfrotto 055 ya alumini, ile ya vipande vitatu, iliyokwisha tumika, pamoja na kichwa chake cha video, MVH500AH. Tripodi ina kilo 2.5 na kichwa gramu 900, yaani kilo 3.4 begani. Nguzo ikiwa chini inasimama sentimita 140, na hapo watu huniuliza: si utainama? Siinami, kwa sababu darubini yangu ina jicho lililopinda, unachungulia kwa kuangalia chini kidogo. Kama bado hujanunua darubini, lifikirie hili mapema. Yenye jicho lililonyooka inakulazimu tripodi ndefu zaidi, na kila sentimita unayoongeza juu unailipa kwa mtikisiko. Pia jicho lililopinda linafaa ukiwa na wageni wa vimo mbalimbali, mrefu anainama, mfupi anachungulia bila kusimama kwa vidole.

Kichwa kina maana sawasawa na miguu. Nilizoea kichwa cha gololi, ambacho ukikilegeza darubini inaanguka pua mbele, na ukikikaza inahama kidogo kutoka pale ulipolenga. Hiki cha video kina mkono mrefu na ukinzani wa mafuta ndani yake. Unausukuma mkono, darubini inafuata polepole, ukiuachia inabaki. Kufuata kundi la vitwitwi wanaokimbia na ukingo wa wimbi sasa ni jambo ninalolifurahia. Sharti lake ni kusawazisha: sogeza sahani inayoishika darubini juu ya kichwa mbele au nyuma mpaka darubini isielemee upande wowote, ndipo ukaze.

Matope ya Mwambani yana adabu yake. Siku ya kwanza mguu mmoja ulizama taratibu nikiwa katikati ya kuhesabu, nikapoteza mstari mzima. Siku hizi natembea na vifuu vitatu vya nazi. Kila mguu unakaa ndani ya kifuu chake, haudidimii, hautelezi, na chumvi nyingi inabaki kwenye kifuu badala ya kupanda kwenye viungo. Mguu mmoja nauelekeza mbele ninakotazama, mimi nasimama kati ya ile miwili ya nyuma, sijikwai.

Kwa upepo, fupisha kwanza. Kipande cha chini kabisa cha mguu ndicho chembamba, basi kirudishe ndani, utanue miguu, ukae chini. Mimi hukaa juu ya ndoo iliyofunikwa mfuniko, upande upepo unakotokea, mwili wangu ukiwa ukuta. Watu wengi hutundika mzigo chini ya tripodi ili iwe nzito, nami hutundika kikapu cha ukili chenye mchanga. Lakini kikapu kikining'inia hewani upepo unakibembeza na tripodi inatikisika nacho. Refusha kamba mpaka kitako cha kikapu kiguse ardhi, kamba ibaki imekaza.

Kuna kitu tripodi yoyote haiwezi kukitibu, nacho ni mazigazi. Kuanzia saa nne asubuhi jua likishaunguza mchanga, hewa inachemka na picha inacheza hata ukiifunga darubini kwenye mwamba. Ukiona tripodi imetulia na picha bado inapepea, punguza ukuzaji mpaka 25 au 30, au rudi alasiri.

Amani, kule milimani Usambara, ni habari nyingine. Kule msituni upepo haunisumbui, ila njia zinapanda, na kilo 3.4 nazisikia mabegani kabla sijafika mbali. Ndege aitwaye chozi wa Amani anakaa juu kabisa kwenye vilele vya miti na hatulii dakika, kwa hiyo mara nyingi nabeba darubini ya mkono tu. Anayefanya kazi ya msituni zaidi kuliko pwani atafute miguu ya nyuzi za kaboni, nyepesi na inayozima mtikisiko vizuri, ajiandae kwa bei. Mimi wa pwani uzito ule ninautaka.

Chumvi ndiyo inayoua tripodi zetu. Nikirudi, kabla ya chai, naimwagia maji yasiyo na chumvi ikiwa imefungwa, kisha narefusha vipande vyote, naifuta kwa kipande cha khanga kuukuu na kuiacha wazi kivulini mpaka jioni. Ukiirudisha ndani ya mfuko ikiwa na unyevu, alumini inatoa unga mweupe na vitasa vinakuwa vigumu. Boliti za mabegani mwa miguu zinalegea kwa safari za baiskeli. Fundi baiskeli wangu Ngamiani huzikaza kwa spana ya L, mguu usianguke wenyewe ukiinuliwa, wala usiwe mgumu kufunguka.

Nguzo ya kati nimeizungushia utepe mweusi pale inapoanzia kupanda. Wageni wanapenda kuivuta wakidhani wananisaidia. Akija mrefu wa kweli, nafungua miguu kipande kwa kipande mpaka imtoshe, na utepe unabaki palepale.