Glavu za kupunguza mtetemo: je, zinamfaa fundi wa njia ya reli?

Glavu ninazozizungumzia ni zile zenye mto mnene wa mpira kiganjani, ambazo maduka ya vifaa vya usalama huziuza kwa maelezo kwamba humkinga mtumiaji dhidi ya mtetemo wa mashine. Nimezivaa katika kushindilia kokoto chini ya mataruma yanayobeba reli, kukata reli na kusaga maungio yaliyochomelewa. Kama glavu za kazi ni nzuri: mishono yake haijafumuka, kiganja chake kinastahimili makali ya kokoto, na mikono haitoki malengelenge. Ila ahadi iliyoandikwa kwenye pakiti siikubali, na ahadi hiyo ndiyo inayopandisha bei yake.

Alama inayotajwa kwenye pakiti ni ya kiwango cha kimataifa cha ISO 10819 cha mwaka 2013. Kwa kiwango hicho, glavu inaweza kupitisha hadi asilimia 90 ya mtetemo wa hezi 25 hadi 200 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na hadi asilimia 60 ya ule wa hezi 200 hadi 1,250, na bado ikahesabiwa kuwa imefaulu. Tena kipimo huchukuliwa kiganjani, ilhali vidole ndivyo vinavyotangulia kuumia. Mashine ya mkono ya kushindilia kokoto hupiga mara 20 hadi 30 hivi kwa sekunde, na kwa mtetemo wa chini kiasi hicho mto wa glavu hauna msaada wa maana. Nilipokuwa nikisaga nilihisi nafuu ndogo. Nilipokuwa nikishindilia sikuona tofauti yoyote, na kwa kuwa unene wa glavu humlazimu mtu kukaza mshiko, viganja vilichoka zaidi kuliko kawaida, wakati inafahamika kwamba mkono unaoshika kwa nguvu hupokea mtetemo mwingi zaidi.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu madhara yenyewe si ya kupita. Mtetemo huharibu mishipa midogo ya damu, neva na viungo vya mkono. Huanza kwa ganzi na mchomo wa vidole baada ya kazi, ambao mtu huudhania kuwa uchovu, hadi siku anaposhindwa kufunga kifungo cha shati au kuokota sarafu, na neva zikishafikia hapo kwa kawaida hazirudi kama zilivyokuwa. Katika nchi za baridi dalili inayojulikana zaidi ni vidole kugeuka vyeupe, kama Dkt. Alice Hamilton alivyoeleza mwaka 1918 kuhusu wachonga mawe wa Bedford, Indiana, nchini Marekani. Lakini utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa ujenzi nchini Malaysia, ambako ni joto, ulikuta ganzi na mchomo bila weupe wa vidole. Kwa hiyo fundi wa Tabora au Voi asijipe moyo kwamba ni mzima kwa sababu tu vidole vyake havijabadilika rangi.

Kinachomlinda fundi ni muda na mashine yenyewe. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 zinamtaka mwajiri achukue hatua mtetemo unapofikia wastani wa 2.5 m/s² (mita kwa sekunde mraba, kipimo cha ukali wa mtetemo) kwa siku ya saa 8, na zinakataza kuvuka 5 m/s². Mashine yenye mtetemo wa 10 m/s² hufikia kiwango cha kwanza kwa dakika 30 na kikomo kwa saa 2. Yenye 20 m/s² hufikia kikomo kwa nusu saa tu. Hesabu hii ni ya muda ambao kidole kimebana kitufe na mashine inanguruma, wala kuvaa glavu hakuipunguzi.

Kwa genge la mafundi linalotoka alfajiri kwenye baridi au mvua, glavu hizi zinafaa kununuliwa, kwa kuwa mikono yenye joto hupitisha damu vizuri zaidi. Anayenunua ahakikishe kwamba mto unafika kwenye vidole na dole gumba. Fedha iliyotengwa kwa ajili ya kupunguza mtetemo iende kwenye mashine ambazo mpini wake umetenganishwa na injini kwa springi au mpira, kwenye kubadilisha ncha zilizolika, na kwenye kuongeza mtu wa kupokezana mashine. Msimamizi amwombe muuzaji takwimu ya mtetemo wa kila mashine kabla ya kulipa, na aliyeanza kupata ganzi amweleze daktari waziwazi ni mashine gani anayoishika na kwa saa ngapi kwa siku.