Kato-Katz: boksi zuri, ila asilimia yake isomwe kwa makini

Mimi ni mtaalamu wa maabara kwenye wilaya ya mwambao wa Ziwa Victoria. Boksi la Kato-Katz, yaani vifaa vya kutafuta mayai ya minyoo kwenye kinyesi, nimelibeba kwa pikipiki na kwa mtumbwi miaka saba, nikitafuta kichocho cha tumbo mashuleni. Nimeona wengi wakilisifia urahisi, wachache wakieleza namna ya kusoma asilimia ya walioambukizwa inayotoka humo.

Kwanza nilipe haki yake. Ndani mna vibao vya plastiki vyenye tundu, wavu wa nailoni, vijiti, na selofani. Tundu hubeba kinyesi cha miligramu 41.7, hivyo mayai unayoyahesabu unazidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Vibao vinaoshwa na kutumika tena. Vyangu vya mwanzo havijapinda. Umeme si lazima, darubini yangu yenye kioo cha kuakisi mwanga wa jua inafanya kazi vizuri chini ya mwembe. Na yai la kichocho hiki lina mwiba ubavuni, aliyezoea halichanganyi na kitu kingine.

Shida ni wale ambao boksi haliwaoni. Miligramu 41.7 ni kidogo kuliko punje ya mahindi, na mtoto mwenye minyoo michache leo hutoa mayai, kesho hatoi. Mwaka juzi tulipima watoto 200 wa shule nne, slaidi moja (kioo chenye kinyesi cha tundu moja) kila mtoto. Wenye mayai walikuwa 14, yaani 7%. Kikaoni mkubwa mmoja akasema, "Dada, tuko chini ya kumi, dawa ipumzike." Moyo uliniuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka jamii yenye 10% au zaidi ipewe prazikwanteli, dawa ya kichocho, kila mwaka, kuanzia umri wa miaka 2. Kati ya 7 na 10 kuna watoto wa watu.

Nikaomba ubao. Tuseme slaidi moja inanasa watoto 60 katika kila 100 walioambukizwa, na haimsingizii mtu asiye na ugonjwa. Gawanya 14 kwa 0.60: unapata watoto kama 23, karibu 12%. Tisa wamejificha. Hiyo ni fomula ya watafiti Rogan na Gladen ya mwaka 1978 katika sura yake nyepesi. Ile kamili hupunguza pia waliosingiziwa. Hiyo 60 usiichukue popote tu, kwani minyoo ikipungua mwilini, slaidi nayo hunasa wachache zaidi. Isitoshe, hata kabla ya kugawanya, 14 kati ya 200 inaweza, kwa bahati ya nani alichaguliwa kupimwa, kumaanisha kuanzia 4% hadi 11%. Na watoto wa shule moja huchota na kuogelea maji yale yale, kwa hiyo 200 wa shule nne hawana uzito wa 200 waliotoka kila kona ya wilaya. Upana wa makadirio hayo unazidi.

Boksi hili nalipatia nyota nne kati ya tano, na nitaliagiza tena. Ukiweza, soma slaidi mbili za kinyesi cha siku mbili tofauti. Kwenye mfuniko wa langu nimebandika karatasi: "Slaidi ngapi kwa mtoto? Shule ngapi?" Anayeliazima hulirudisha na majibu yameandikwa.