Cheti cha SSL kwa majina mengi: uzoefu wangu na Let's Encrypt

Natumia aina mbili za vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya SSL (vya kusimba mawasiliano ya tovuti): cheti cha SAN, kinachoorodhesha jina moja moja, na cheti cha nyota (*.example.com), kinachoshika sabudomeni zote kwa mpigo. Vyote ni bure, vinadumu siku 90, na nguvu ya usimbaji ni ileile. Kinachovitofautisha ni ukubwa wa hasara jambo likiharibika.

SAN hubeba hadi majina 100, hata ya domeni tofauti. Usishawishike kuyajaza. Domeni moja ikihamishiwa seva nyingine bila wewe kuambiwa, uthibitisho kwamba unaidhibiti unafeli, ombi zima la kuhuisha linakataliwa, na tovuti nyingine zote zinaburuzwa nayo. Tena, yeyote anayefungua cheti kwenye kivinjari huyaona majina yote. Kwa domeni za wateja tofauti, kila mmoja apewe cheti chake. SNI (kivinjari kutaja jina la tovuti kinapounganisha) inaruhusu vyote vikae kwenye IP moja.

Kwa sabudomeni zinazoongezeka kila mara, nyota ndiyo chaguo langu. Lakini inashika ngazi moja tu: duka.example.com imo, api.duka.example.com haimo, na hata example.com yenyewe haimo. Omba majina yote mawili pamoja kwa certbot, programu ya kuomba vyeti:

certbot certonly --manual --preferred-challenges dns -d example.com -d '*.example.com'

Hapa ndipo wengi hukwama. Utapewa thamani mbili za TXT (rekodi za maandishi za kuweka kwenye DNS, mfumo wa majina ya domeni), zote kwa jina _acme-challenge.example.com. Ya pili haifuti ya kwanza. Ziache zote mbili mpaka uthibitisho uishe. Na usibonyeze Enter kwa pupa, angalia kwanza kwa dig, amri ya kusoma DNS, kama zote zimeonekana.

Njia hii ya mkono ni ya majaribio tu, kwa sababu haijihuishi. Tumia programu-jalizi ya certbot inayoongea na API ya DNS yako (njia ya programu kubadili rekodi zenyewe), na ufunguo wa API uwe na ruhusa ya domeni hiyo pekee. Kama DNS yako haina API, elekeza _acme-challenge kwa CNAME (rekodi inayoelekeza jina moja kwenye jingine) kwenye domeni nyingine iliyo nayo. Kasoro ya nyota ni ufunguo wake wa siri: ukiunakili kwenye seva tano, seva moja ikidukuliwa sabudomeni zote zimo hatarini.

Kwenye nginx (programu ya seva ya wavuti) weka fullchain.pem, yenye cheti chako pamoja na cheti cha kati kinachokiunganisha na mamlaka ya vyeti, si cert.pem yenye chako pekee. Ukikosea, kivinjari cha kompyuta huenda kikafungua vizuri kwa kuwa tayari kina cheti cha kati, huku simu na amri ya curl zikikataa. Ongeza pia kwenye amri ya certbot --deploy-hook "systemctl reload nginx", maana nginx huendelea kutoa cheti cha zamani hadi ipakiwe upya. Ukipima cheti kwa amri ya openssl s_client kupitia anwani ya IP, taja jina la tovuti kwa -servername. La sivyo utaletewa cheti cha tovuti ya chaguo-msingi, uanze kutafuta kosa lisilokuwepo.