Ubao Mama Upi kwa Prosesa Yako? Machaguo Matano, Kuanzia la Kwanza Hadi la Mwisho

Wengi wanaojiundia kompyuta ya mezani huchagua prosesa kwanza, kisha kadi ya grafiki, na fedha inayobaki ndiyo inayonunua ubao mama, yaani bodi kuu inayounganisha sehemu zote. Si vibaya, mradi usidhani kwamba prosesa ikishaingia kwenye soketi (kiota chake kwenye bodi) basi kazi imekwisha. Intel ilitumia soketi ya LGA1151 kuanzia prosesa za kizazi cha 6 hadi cha 9, lakini zile za kizazi cha 8 na cha 9 hazikubaliki kwenye bodi za chipseti (chipu za bodi zinazoamua inakubali nini) za mfululizo wa 100 na 200. Prosesa inakaa sawasawa, inafungwa vizuri, na kompyuta haiwaki.

Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza mambo matatu, kwa mpangilio huu: soketi ni yenyewe? Chipseti inaikubali prosesa hiyo? BIOS, yaani programu ya kuwashia kompyuta iliyomo kwenye bodi, ni ya toleo linaloitambua? Majibu yote yako kwenye orodha ya prosesa ambayo mtengenezaji wa bodi huiweka kwenye tovuti yake, pamoja na namba ya toleo la BIOS linalohitajika. Iamini orodha hiyo kuliko maneno ya muuzaji.

Hilo la BIOS ndilo linaloumiza watu. Bodi ya B650 (chipseti ya AMD) iliyotoka kiwandani mwaka 2022 haikuwahi kusikia habari za Ryzen 9000, prosesa ya AMD iliyokuja mwaka 2024, na ikikaa dukani bila kusasishwa haitaiwasha. Vivyo hivyo kwa bodi za Intel za mfululizo wa 600 ukizipa prosesa ya kizazi cha 13 au 14. Dawa yake ni kuchagua bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa: unapakua faili, unaliweka kwenye flashi, unaunganisha umeme na kubonyeza. Kwangu mimi kitufe hicho kina thamani kuliko taa zote za rangi.

Sasa mpangilio wenyewe.

1. B650 au B850, kwa soketi ya AM5

Hili ndilo chaguo la watu wengi wanaoanza upya. AM5 ilizinduliwa mwaka 2022 na tayari imepokea Ryzen 7000, 8000G na 9000. AMD imesema itaendelea kuihudumia hadi 2027 na zaidi, kwa hiyo kuna uwezekano wa kubadilisha prosesa baadaye bila kununua bodi nyingine. Chipseti zenye jina linaloanza na B hapa zinaruhusu kuongeza kasi ya prosesa kupita kiwango cha kiwandani, jambo ambalo Intel imeziachia bodi zenye jina linaloanza na Z peke yake. AM5 inakubali RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR5 tu, basi ile ya zamani ya DDR4 uliyonayo haitakusaidia. Nunua vijiti viwili, usinunue vinne: rasmi Ryzen 7000 inaendesha RAM kwa kasi ya DDR5-5200 kwa vijiti viwili, lakini ukijaza nafasi zote nne kasi inashuka hadi 3600.

Tofauti ya B650 na B850 ni ndogo. B850 inahakikisha PCIe 5.0 (njia ya kasi ya kupitisha data) kwa walau SSD moja, yaani diski ya kuhifadhia mafaili, wakati kwenye B650 hilo ni hiari ya mtengenezaji. Kama bei zinakaribiana, chukua B850; kama hazikaribiani, hutajuta kuchukua B650. Ila angalia usichanganye B850 na B840. Majina yamefanana kama mapacha, lakini B840 hairuhusu kuongeza kasi ya prosesa.

Hapa niseme neno kuhusu sehemu inayoshusha volti na kugawa umeme kwa prosesa, ambayo wenyewe huiita VRM. Chipseti haikuambii lolote juu yake. Bodi mbili za B650 zinaweza kuwa na chipseti ileile, moja ikamudu Ryzen 9 7950X inayovuta hadi wati 230, na nyingine ikapata moto na kuanza kuipunguzia prosesa kasi. Kwa Ryzen 5 7600, ambayo kikomo chake ni wati 88, karibu bodi yoyote inatosha. Kwa hiyo ukiwa na prosesa kubwa, tazama kama VRM ina vipoza vya chuma vyenye uzito, kisha tafuta vipimo vya joto vya modeli hiyohiyo, si ya ndugu yake.

2. B760, kwa soketi ya LGA1700

Inakubali prosesa za Intel za kizazi cha 12, 13 na 14, na inapatikana katika namna mbili: ya DDR4 na ya DDR5. Hazibadilishani, kwani hata pengo la kijiti liko mahali tofauti. Mwenye DDR4 nzuri na hamu ya prosesa ya i5-12400F atapata hapa mashine ya maana. Kilichoinyima nafasi ya kwanza ni kwamba soketi hii haina prosesa mpya mbele yake. Ukichukua i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14, sasisha BIOS mara moja: marekebisho ya Intel ya mwaka 2024 kwa tatizo la volti iliyozidi yanakuja humo.

3. B550, kwa soketi ya AM4

Ni ya zamani, lakini kwa mwenye DDR4 na Ryzen 5000 bado ina faida. Kumbuka tu kwamba Ryzen 5 5500 na 5600G zinaishia PCIe 3.0 hata bodi ikiwa na 4.0. Ryzen 5000 nyingi zisizo na G mwishoni hazina grafiki ndani, hivyo tundu la HDMI la bodi litakaa bure bila kadi.

4. A620 na H610

Kwa kompyuta ya ofisi, sawa. H610 ina nafasi mbili tu za RAM na nafasi chache za SSD. Usiiwekee prosesa ya Intel yenye K mwishoni, ile inayoruhusu kuongezwa kasi. Utakuwa umelipia kasi usiyoweza kuigusa.

5. X870E na Z890

Nimeziweka mwisho si kwa ubaya, bali kwa sababu wengi wanaozinunua hawatumii walicholipia. X870E inakuja na USB4 na njia nyingi za PCIe. Z890, ya soketi ya LGA1851, ndiyo inayofungua kuongeza kasi kwa Core Ultra 200S zenye K. Ukiwa na SSD nne na kadi ya kunasa video, zinakufaa. Mwenye kadi moja ya grafiki na SSD mbili arudi namba moja, na tofauti ya bei aiongeze kwenye kadi ya grafiki.