Coors Field ya Denver: uwanja unaochagua wachezaji wake

Mtu wa Mbeya ukimwambia kuna uwanja wa besiboli Marekani uliojengwa mita 1,580 hivi juu ya usawa wa bahari, hashtuki. Mji wetu chini ya Loleza ni kama mita 1,700. Ila kwenye besiboli, kimo hicho ndicho kinachoamua nani asajiliwe na timu ya hapo, Colorado Rockies.

Hewa ya Denver ina kama asilimia 82 tu ya uzito wa hewa ya pwani. Mpira uliopigwa juu unakwenda mbali zaidi. Lililo baya zaidi ni kwa mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira: ule mpira wa mzunguko, unaotakiwa kupinda ghafla mbele ya mpigaji, hupindishwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi haupindi vya kutosha, unafika umening'inia usawa wa mkanda, na mpigaji anaufumua.

Uwanja ulipofunguliwa mwaka 1995 uzio uliwekwa mbali na mpigaji ili mipira isiuvuke kirahisi: kushoto mita 106, katikati 126. Hapo tunausifu, ila dawa hiyo ina madhara yake. Nyuma kumekuwa mbuga, mipira inadondoka katikati ya walinzi. Mlinzi wa nje, yule anayedaka mipira ya nyuma, asiye na mbio hafai hapa, hata awe mpigaji hodari namna gani.

Tangu 2002 mipira hutunzwa kwenye chumba chenye unyevu wa asilimia 50, maana ikikauka hudunda zaidi kwenye gongo la kupigia na huteleza vidoleni. Chumba hicho kimesaidia kweli. Hata hivyo, Mike Hampton, mrushaji aliyesajiliwa kwa miaka 8 na dola milioni 121, alidumu misimu miwili tu, 2001 na 2002. Rockies walipofika fainali mwaka 2007, walikuwa na udakaji safi mno.

Kasoro isiyo na dawa: nusu ya mechi 162 za msimu ni za ugenini. Mpigaji aliyezoea mipira isiyopinda akishuka pwani anapiga hewa.

Kwa anayetaka kuanzisha timu Mbeya, Iringa au Njombe: tafuta kwanza wenye mbio wa kulinda nyuma, na mrushaji anayeweka mpira chini, usawa wa goti, ili ukipigwa ubingirike. Sawazisha ardhi kati ya besi, vile vituo vya kukimbilia, kabla hujanunua magongo. Kichuguu kimoja kinaurusha mpira usoni mwa mdakaji. Wakati wa kipupwe, hifadhi mipira kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na joto la bati.