Nta ya moto kwenye mnyororo wa baiskeli: uzoefu wangu hapa Goma

Anayeendesha baiskeli Goma hahitaji kuelezwa vumbi ni nini. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, yale ya kale, yale yaliyopita katikati ya mji Januari 2002, na yale yaliyofika kwenye kingo zake Mei 2021. Ukiiacha lami ya barabara kubwa ukaingia ndani ya Ndosho, Majengo au Katindo, utakuta magurudumu yanayasaga mawe hayo kutwa mpaka yanakuwa unga mweusi unaopenya kila mahali. Unga huo ukikutana na mafuta ya mnyororo hugeuka kuwa msasa: hukwangua pini na rola (vigurudumu vidogo vinavyoizunguka pini) kwa ndani, mnyororo hurefuka, kisha meno ya gia huanza kuliwa nayo. Hiyo ndiyo sababu niliyaacha mafuta nikaijaribu nta ya moto, yaani nta inayoyeyushwa kisha mnyororo ukatumbukizwa ndani yake, na maoni haya yanahusu nta hiyo, namna ninavyoitia nyumbani, na mahali inaponishinda.

Nta ninayoitumia imetengenezwa mahususi kwa minyororo ya baiskeli. Huuzwa katika kifuko cha vidonge vidogo vya kijivu, uzito wake karibu nusu kilo, na mimi nililetewa na ndugu yangu anayekaa Kigali kwa jumla ya dola 30 pamoja na usafiri, maana katika maduka ya hapa sijaiona. Msingi wake ni parafini iliyosafishwa, iliyochanganywa na molibdeni disulfidi, kilainishi kikavu ambacho ndicho kinachoipa rangi ya kijivu. Ni ya ukoo mmoja na nta ambayo watu wa nchi za theluji huiyeyushia kwa pasi chini ya mbao zao za ski, wakaikwangua, kisha wakaipiga brashi hadi ing'ae. Wapo watengenezaji, kama Rex wa Ufini, wanaouza ya ski na ya mnyororo pia. Ukoo huo umekuja na lawama yake. Nta za ski za mashindano zilikuwa zikitiwa kemikali za florini, ambazo hudumu ardhini na majini bila kuoza, hadi shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIS, lilipozipiga marufuku kabisa kuanzia msimu wa 2023-2024. Baadhi ya nta za minyororo nazo zilikuwa na teflon, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo. Kwa kuwa mimi naiyeyushia uani, na maji ya kuoshea huzama katika mawe yanayoelekea Ziwa Kivu, sikuagiza mpaka nilipoona imeandikwa wazi kwamba haina kemikali hizo.

Kazi kubwa haiko kwenye nta, iko kwenye usafi, na hapo ndipo wengi watakapokata tamaa. Mnyororo mpya hutoka kiwandani umejaa grisi nzito inayoulinda usishike kutu, na nta haishiki juu ya grisi. Kwa hiyo mnyororo, hata uwe umetoka kwenye sanduku lake leo, lazima uvuliwe grisi yote. Mimi huutia katika chupa ya plastiki yenye mdomo mpana pamoja na petroli, ile ile inayouzwa kwa lita kando ya barabara, nikautikisa kwa nguvu, nikaumwaga uchafu katika chupa nyingine, nikatia petroli safi, na kuendelea hivyo mpaka petroli itoke kama ilivyoingia. Kisha huutia katika alkoli ya duka la dawa ili kuondoa utando ambao petroli huuacha, na baada ya hapo nautundika ukauke kabisa. Petroli chafu naiacha itulie siku kadhaa, uchafu ukazama, ile ya juu nikaitumia tena. Sina haja ya kumkumbusha mtu mzima kwamba kazi hii hufanyika nje, mapema, kabla mbabula, jiko letu la makala (makaa), haijawashwa, na kwamba chupa za petroli huondolewa kabisa uani kabla ya moto kuja.

Kwa mnyororo uliokwisha kutumika na mafuta, subira inayotakiwa ni mara mbili, na kwa kweli sishauri. Ikiwa mnyororo wako umekwisha kunywa vumbi la Goma kwa mwaka mzima, utumie mpaka uishe, kisha uanze nta na mpya.

Kuyeyusha ndiyo sehemu rahisi, na hapa nadhani mwinuko wa Goma unatusaidia. Parafini huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65 hivi, lakini ikiachwa juu ya moto wa moja kwa moja hupanda bila kutoa onyo hadi itoe moshi na mwishowe iwake. Kwa hiyo nta hutiwa katika kopo la maziwa ya unga, na kopo huwekwa ndani ya sufuria ya maji juu ya makala. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayazidi hapo hata ukichochea namna gani. Maana yake ni kwamba nta iliyomo ndani ya maji hayo haiwezi kufikia joto la hatari, na sihitaji kipimajoto cha dola nyingi. Ninachokilinda ni maji yasirukie ndani ya kopo, kwa hiyo maji ya sufuria hayapiti nusu ya kimo chake, na moto huwa wa wastani. Kopo hilo na sufuria hiyo vimeandikwa kwa rangi kwamba ni vya baiskeli, kwa sababu mama wa nyumba alitoa sharti hilo kabla ya jambo lolote kuanza, na alikuwa na haki.

Nta ikiisha kuwa maji, mnyororo huingia ukiwa umeshikwa na waya. Viputo huanza kupanda mara moja: ni hewa inayotoka ndani ya rola na kuipisha nta. Naukorogakoroga polepole mpaka viputo vikome, kisha nauacha humo hadi mnyororo wenyewe upate joto la nta, kwani chuma baridi huigandisha nta mlangoni kabla haijapenya. Halafu naliinua kopo kutoka kwenye maji na kusubiri. Watu wengi huutoa mnyororo nta ikiwa bado ya moto sana, ikachuruzika yote. Ukisubiri mpaka utando mwembamba uanze kujifanya juu, nta huwa nzito na kiasi kinachobaki ndani ya mnyororo ni kikubwa zaidi. Ndipo nautoa na kuutundika kwenye msumari.

Ukishapoa, mnyororo huwa mgumu kama fimbo, na anayeuona kwa mara ya kwanza atadhani umeharibika. Hapo huja brashi, hatua ambayo maelezo ya kwenye kifuko yameipitia kwa sentensi moja tu, nami naona inastahili zaidi. Kwanza nauzungusha mnyororo juu ya kipande cha bomba, kwa upande mmoja na wa pili, ili kila pingili ilie na kuachia. Baada ya hapo nausugua kwa brashi ngumu ya nailoni, ile ya kufulia viatu, pande zote nne, mpaka vipande vyote vinavyoning'inia viwe vimeanguka. Nta iliyo nje ya mnyororo haifanyi kazi yoyote ya kulainisha. Kazi yote iko ndani, kati ya pini na rola. Hiyo ya nje ukiiacha itamwagika kwenye gia kama unga, ijazane kwenye vigurudumu vya kibadilisha gia, na kwa kilomita za kwanza gia zitakuwa zikisitasita. Ukipiga brashi vizuri gia hushika tangu mtaa wa kwanza. Vipande vinavyoanguka navikusanya juu ya gazeti na kuvirudisha koponi, mradi gazeti liwe safi.

Sasa matokeo. Katika kiangazi, Juni hadi Agosti, sijapata kitu kinachokaribia nta hii. Baada ya kwenda Sake na kurudi, mnyororo huwa na vumbi juu yake kama fremu ilivyo na vumbi, lakini ni vumbi kavu linaloondoka kwa kitambaa, si ule uji mweusi unaoganda kati ya gia. Ukiugusa mnyororo kwa vidole vyako, vidole vinabaki safi, na suruali ya Jumapili haina la kuogopa. Sauti yake ni ndogo mno. Kuhusu kulika, ambako ndiko hasa nilikotaka kujua, mimi hupima kwa rula ya chuma: pingili 24, kutoka pini hadi pini, hutakiwa kuwa milimita 304.8, na zinapofika 306.3 mnyororo umerefuka kwa asilimia 0.5, kiasi ambacho kwa minyororo myembamba ya gia 11 au 12 ndicho cha kuubadilisha. Mnyororo wa zamani, kwa mafuta na barabara zile zile, ulikuwa umevuka kipimo hicho kabla kiangazi hakijaisha. Huu wa nta, katika muda kama huo, rula yangu haioni tofauti yoyote na siku ulipotoka kwenye sanduku. Jambo hili halikunishangaza sana, kwa kuwa vipimo vinavyofanywa na Zero Friction Cycling ya Australia kwa miaka mingi vimekuwa vikiiweka nta ya moto juu kabisa katika kuzuia kulika.

Watengenezaji wengi husema dozi moja hufika kilomita 300 hivi. Kwenye lami, ndiyo. Kwenye vumbi letu mimi huanza kusikia mnyororo ukilia mapema kuliko hapo, na ukilia maana yake chuma kinagusa chuma, kwa hiyo siusubirishi. Kurudia si kazi kubwa kama mara ya kwanza, kwani petroli haihitajiki tena: maji yanayochemka yakimwagiwa juu ya mnyororo huiyeyusha nta ya zamani pamoja na vumbi lililoshikwa nayo, kisha mnyororo hukaushwa juani kabisa na kurudi koponi. Nimenunua minyororo miwili, mmoja ukiwa barabarani na wa pili umekwisha kutiwa nta ukingojea msumarini, hivyo mbabula huwashwa mara moja kwa miwili. Kiungo cha kufungia, kile kinachofunguka kwa koleo, ni cha lazima katika mpango huu. Mnyororo unaofungwa kwa kugonga pini hautavumilia kufunguliwa kila mara.

Mvua ndiyo inayoishinda. Kuanzia Septemba, mvua ya saa nane mchana ikikukuta kwenye mlima wa kuelekea Kibumba, nta iliyo karibu na mlango wa rola husukumwa nje, maji huingia, na usipoukausha mnyororo jioni ile ile utakuta asubuhi kutu ya rangi ya chungwa kwenye pembe za pingili. Mafuta yangeisamehe siku hiyo, nta haisamehi. Katika miezi ya mvua mimi hutumia nta ya maji ya chupa, aina ambayo nta imechanganywa na maji na hudondoshwa pingili kwa pingili, mfano wake ni Squirt ya Afrika Kusini. Hupakwa usiku, ikaachwa ikauke mpaka asubuhi, na inakubali kuwekwa juu ya mnyororo uliotangulia kutiwa nta ya moto. Kwa njia hiyo kiangazi na masika havigombani.

Fundi wangu wa baiskeli, mzee ambaye ameshika spana tangu kabla ya mimi kuzaliwa, aliuangalia mnyororo huu mkavu akaniuliza, "Mwanangu, baiskeli hii haijala tangu lini?" Nikamwambia, "Papa, imekula, shibe iko ndani." Yeye huwapaka wateja wake mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, yale yanayopatikana bure gereji ikifanya vidanje, yaani ikibadilisha mafuta ya gari, na kwa baiskeli inayobeba magunia ya makala kila siku, mvua na jua, simbishii. Mwenye baiskeli hiyo hana asubuhi ya kukesha na petroli, na mnyororo wake mnene wa gia moja unavumilia mengi na bei yake ni ndogo. Anayefaidika na nta hii ni mwenye baiskeli ya gia nyingi, ambaye mnyororo na kaseti yake (seti ya gia za nyuma) lazima viagizwe kutoka nje ya mpaka.

Wapo walioniuliza kama mishumaa ya dukani haitoshi. Nimeijaribu kwenye mnyororo wa mtoto. Ni parafini pia, na siku za kwanza huwezi kutofautisha, lakini mara nyingi huchanganywa na vitu vya kuufanya mshumaa uwe mgumu, kwa hiyo huvunjika na kupukutika upesi. Kwa mtu anayetaka kujifunza hatua hizi kabla ya kutoa dola 30, ni njia nzuri. Nta ya nyuki siipendekezi, kwani inanata, na kitu kinachonata ndicho tunachokikimbia.

Kifuko kimoja hudumu sana, kwa kuwa mnyororo hunywa gramu chache tu na zinazobaki hurudi koponi. Uchafu huzama chini, na nta ikiganda naitoa kama keki, nikaukwangua upande wa chini kwa kisu. Kuwa ya kijivu hakuniambii kama imechoka, maana ilizaliwa hivyo. Naiangalia kwa wingi wa mchanga ninaoukwangua. Ule wa mara ya mwisho ulikuwa mwingi, kwa hiyo kifuko cha pili kiko njiani kutoka Kigali, pamoja na chupa mbili za nta ya maji.